Gumegume na Kapu la Kikuubo: Maandalizi ya Shindano la Kwanza la Shabaha

Gumegume ni bunduki ya kushindilia kwa mdomo wa mtutu, isiyotumia fataki wala risasi yenye ganda. Jiwe gumu lililobanwa katika nyundo yake hukwaruza bamba la chuma. Cheche huangukia baruti kidogo iliyowekwa katika kibia cha ubavuni kiitwacho kifa. Moto wa kifa hupenya tundu jembamba. Ndipo baruti iliyoshindiliwa ndani inapolipuka na kuisukuma risasi nje. Kwa zaidi ya miaka 100 majeshi ya Ulaya yalipigana kwa silaha hizo, hadi fataki ilipozishinda katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Zilizoachwa huko zikafanywa bidhaa, zikapakiwa majahazini na kuletwa pwani yetu, kisha zikapanda bara pamoja na nguo na shanga.

Siku hizi gumegume ni chombo cha mchezo katika nchi nyingi. Ipo kamati ya kimataifa, MLAIC, inayosimamia mashindano ya bunduki za kushindilia, na katika bara letu Afrika Kusini ina vyama vyake. Katika shindano lake la gumegume la kijeshi, mpigaji husimama wima umbali wa mita 50 kutoka kwenye shabaha, bila kuegemea kitu, naye hupewa dakika 30 za kupiga risasi 13, kati ya hizo 10 zilizo bora ndizo zinazohesabiwa. Si ajabu, basi, mkazi wa Busia, Malaba, Mutukula, Katuna au Mpondwe akapata mwaliko kutoka kwa jamaa yake aishiye ng'ambo: njoo, klabu yetu ina shindano, nawe utapiga kwa mara ya kwanza. Somo la toleo hili ni kwa ajili ya mtu huyo. Ni kwa ajili pia ya jirani yake, ambaye hakualikwa popote lakini ana gobori la marehemu babu lililochomekwa darini.

Tuanzie Kikuubo, kwa sababu huko ndiko wengi wetu wa mipakani tunakonunulia bidhaa. Neno lenyewe kwa Kiganda lina maana ya ujia mwembamba, na atakayefika katikati ya Kampala, jirani na kituo cha zamani cha teksi na barabara ya Nakivubo, ataona kwamba jina limekaa mahali pake. Mizigo ya sukari, sabuni, mafuta ya kupikia na vitambaa hupishana juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Mwenye duka huita “ssebo” na “nnyabo” bila kuinua macho kutoka kwenye daftari. Na magunia yafungwayo asubuhi huenda yakalala Sudan Kusini, Kongo, Rwanda au Tanzania. Kinachostaajabisha ni hiki: karibu vifaa vyote vidogo anavyohitaji mpigaji wa gumegume vinapatikana katika ujia huo au katika mitaa inayouzunguka, bila kibali cha mtu yeyote. Vile vichache visivyopatikana ndivyo vyenye sheria. Anayejua kutenganisha makundi hayo mawili amekwisha kufanya nusu ya maandalizi yake.

Kitu cha kwanza kapuni ni kitambaa. Bunduki yenye mifereji ya mzunguko ndani ya mtutu hupigwa kwa risasi ya duara iliyofungwa kiraka cha nguo, na kiraka hicho ndicho kinachoishika mifereji na kuifanya risasi izunguke. Kitambaa kiwe cha pamba tupu, kilichofumwa kwa kubana, na kifuliwe kwanza ili kiondokane na wanga wa kiwandani. Muuzaji atakuapia kwamba jora lake ni pamba; usimbishie, omba uzi mmoja tu, kisha uuchome ukiwa umetoka nje ya duka. Pamba huacha majivu laini na harufu ya karatasi iliyoungua, lakini uzi wa plastiki hujikunja na kuacha tone gumu jeusi. Tone kama hilo likibaki ndani ya mtutu ulio moto, kiraka kinachofuata hakitateremka sawasawa. Kwa sababu hiyo hiyo, nguo za mpigaji ziwe za pamba, kwa kuwa cheche za kifa hazichagui pa kuangukia.

Kiraka hupakwa mafuta ili kilainishe masizi. Nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na mafuta ya mimea au ya mnyama hutosha kabisa. Mafuta ya injini yasitumike kwa kazi hii, maana yakichanganyika na masizi ya baruti nyeusi hugeuka kitu kama lami. Kisha kuna kipande cha ngozi nyembamba cha kulikalia jiwe katika meno ya nyundo, kwa kuwa chuma kikilibana jiwe bila ngozi, jiwe hulegea au huvunjika. Uwepo waya mwembamba wa shaba wa kuzibua tundu la moto, na brashi ndogo ya kufagilia kifa. Viwepo vichupa vidogo vyenye vifuniko vya kubana, angalau 13, ambavyo matumizi yake tutayaeleza mbele. Sabuni ya kipande na mtungi wa maji ni vya jioni. Miwani ya kinga iliyofunika hadi pembeni na vifunika masikio vya kazi nzito huuzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Pamba iliyosokotwa sikioni haitoshi, hata kama fundi wa mtaani atakuambia imemtosha miaka yote. Mwulize tena, naye atakuomba urudie swali.

Hapo kapu limejaa, na hakuna aliyevunja sheria. Vilivyobaki ni vitatu: bunduki, baruti na idhini.

Kuhusu baruti tutasema bila kuzunguka. Duka la sabuni si ghala la baruti. Atakayekunong'oneza katika ujia wowote kwamba anayo kidogo ya kukusaidia anakuuzia kesi, na pengine kifo. Baruti nyeusi haihitaji utambi wala hila. Cheche moja inatosha. Ikiwa wazi huwaka ghafla kwa moto mkubwa, na ikiwa imefungwa katika kopo au mkebe hulipasua kopo hilo na kurusha vipande vyake. Mtu aifikirie ndani ya Kikuubo saa nne asubuhi, kati ya jiko la muuza chai na wapagazi wasioweza hata kugeuka, au chini ya kiti cha basi la usiku liendalo mpakani, juu ya injini iliyo moto, karibu na abiria anayejificha kuvuta sigara. Hatari hiyo haipungui kwa kuwa mwenye mzigo ana nia njema. Uganda ina sheria yake ya vilipuzi, na baruti imo ndani yake. Kuinunua, kuihifadhi na kuisafirisha kwahitaji kibali, na kibali hicho hakitolewi na mwenye duka.

Wapo wanaotafuta njia ya mkato. Mmoja hukwangua vichwa vya viberiti, mwingine hupasua fataki za sherehe, wa tatu hufungua risasi ya kisasa na kuchukua unga uliomo. Vichwa vya viberiti vimetengenezwa ili viwake kwa msuguano, na kushindilia ni msuguano mtupu: mkono wa mshindiliaji uko mbele ya mtutu wakati ule ule. Unga wa fataki za sherehe hauna kipimo kinachojulikana. Unga wa risasi za kisasa hujenga msukumo ambao mtutu wa gumegume haukutengenezwa kuuhimili, nao mtutu hupasuka karibu na uso wa mpigaji. Gumegume hupigwa kwa baruti nyeusi iliyotengenezwa kiwandani kwa kazi hiyo, kwa kipimo alichokitaja mtengenezaji wa bunduki. Hakuna badala yake.

Bunduki nayo ina maneno yake. Si haba wanaoamini kwamba silaha kuukuu haihesabiwi, kwamba sheria inatafuta bunduki za kivita tu, na kwamba gobori ni kama jembe. Dhana hiyo ina historia. Wafanyabiashara wa pwani walifika katika kasri la Kabaka Suuna wa Buganda katika miaka ya 1840, na bunduki zikafuata nyayo zao. Mwaka 1862 msafiri Speke alikuwapo katika kasri la Mutesa, naye ameandika jinsi Kabaka alivyompa mtumishi kijana bunduki iliyokwisha kushindiliwa, akamwagiza aende ua wa nje akampige mtu ili ionekane inavyofanya kazi. Kijana akarudi akiwa na furaha. Miaka 30 baadaye, Januari 1892, Lugard aligawa bunduki kwa upande mmoja wa Wakristo kutoka ngome yake katika kilima kinachoitwa leo Old Kampala, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Kikuubo, na tarehe 24 mwezi huo Mengo ikawaka moto. Silaha iliyoonekana ni kuukuu mbele ya macho ya Ulaya haikuwa kuukuu kwa aliyeelekezewa.

Katikati ya matukio hayo, tarehe 2 Julai 1890, mataifa yalitia saini Mkataba wa Brussels dhidi ya biashara ya utumwa. Mkataba huo ulizuia kuingizwa kwa silaha katika sehemu kubwa ya Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini yake, lakini uliacha mlango kwa gumegume lisilo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Huenda hapo ndipo ilipozaliwa fikira kwamba gumegume ni silaha ya kusamehewa. Walakini hata mlango ule ulikuwa na bawabu: serikali zilipaswa kuamua ni maeneo gani bunduki hizo zingeweza kuuzwa, na maeneo ya biashara ya utumwa yaliondolewa kabisa.

Sheria za leo ni za nchi moja moja, na mkazi wa mpakani anapaswa kuzijua mbili. Uganda inatumia Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1970. Kenya ina yake, Sura ya 114. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Juu yake kuna Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini tarehe 21 Aprili 2004, ambayo kwayo nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika ziliahidiana kuzitia silaha alama, kuzisajili na kuzifuatilia. Kwa msomaji wetu, jambo la kushika ni kwamba kibali cha nchi moja hakivuki mpaka. Mtu anaweza kulala ni mmiliki halali Busia ya Uganda, akaamka ni mtuhumiwa Busia ya Kenya, ingawa ametembea hatua mia chache tu na hakukusudia ubaya wowote. Kuivusha silaha kwahitaji idhini ya kutoka upande mmoja na idhini ya kuingia upande wa pili, zote zikiwa mkononi kabla ya safari. Anayepanga kwenda shindanoni aulize kituo cha polisi cha kwao miezi kadhaa kabla, aeleze anakwenda wapi na kwa mwaliko wa nani, na asiondoke kwa ahadi ya mdomo.

Kwa maoni yetu, mshiriki wa mara ya kwanza asisafiri na bunduki kamwe. Njia iliyo njema ni kuiazima kwa klabu mwenyeji, pale sheria ya nchi hiyo inaporuhusu, na kupiga chini ya msimamizi wao, kwa baruti yao. Baruti haikubaliwi katika mizigo ya abiria wa ndege, iwe mkononi au katika sehemu ya mizigo, kwa hiyo hata bingwa hununua baruti yake huko huko aendako. Kapu la Kikuubo, kwa upande wake, laweza kubebwa safarini, mradi liwe jipya. Waya na vitambaa vilivyokwisha kutumika hubaki na chembe za baruti, na chembe hizo hugunduliwa na mitambo ya uwanja wa ndege.

Sasa tumgeukie yule jirani mwenye gobori la darini, kwa kuwa hatari yake haingoji shindano. Mazungumzo ya namna hii yanafahamika katika nyumba nyingi:

“Babu, hili lina kitu ndani?”

“Mjukuu wangu, hata mimi nililikuta hapo hapo. Baba alisema tusiliguse.”

Jibu hilo la babu ni la hekima, ila linakwenda nusu ya njia. Baruti ikikaa pakavu haifi kwa uzee. Inaweza kungoja miaka mingi, vizazi hata, juu ya vichwa vya watoto wanaocheza chini yake. Na gobori halioneshi kama limeshiba au lina njaa: hakuna chemba ya kufungua, hakuna ganda la kuonekana. Mashindanoni mpigaji huingiza mdeki mtupu mtutuni, huweka alama usawa wa mdomo, kisha huulaza mdeki nje kando ya mtutu aone kama ncha yake inafika kwenye tundu la moto. Isipofika, kuna kitu ndani. Njia hiyo ni ya bunduki inayojulikana, mbele ya msimamizi. Gobori lililookotwa au kurithiwa lisipimwe nyumbani, lisikwanguliwe kutu, lisitiwe maji ya moto, wala lisibebwe begani kupelekwa kituoni, kwa maana askari anayemwona mtu akija na bunduki hana namna ya kusoma nia yake. Wenye nyumba watoke chumbani, wafunge mlango, wamwarifu mwenyekiti wa LC1 au wapige simu polisi kwa namba 999, na waache silaha ifuatwe mahali ilipo. Magobori yaliyochongwa na mafundi wa vijijini kutokana na mabomba ya maji ni mabaya zaidi, kwa kuwa bomba la maji limetengenezwa kuhimili maji. Hayo hayana mchezo wowote wa kuchezewa, na hakuna klabu itakayoyakubali mstarini.

Turudi kwa mwalikwa wetu. Ana mwezi mmoja au miwili kabla ya siku yake, hana bunduki wala baruti, naye anadhani hawezi kujifunza kitu. Anaweza kujifunza mengi. Gumegume la kijeshi lina uzito wa kilo 4 hadi 5, na shindano linataka alinyanyue mara 13 akiwa amesimama wima. Achukue mchi wa kinu wenye uzito unaokaribia huo, asimame uani, miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega, aulenge mchi kwenye alama ya mkaa ukutani na kuushika hivyo hadi ahesabu 15, kisha apumzike. Juma la kwanza mikono itatetemeka. Juma la tatu atagundua kwamba mkono hauhitaji nguvu nyingi pindi kiwiko kinapokaa karibu na ubavu na mgongo unapoegemea nyuma kidogo.

La pili ni kusubiri. Bunduki ya kisasa hulia pale pale kifyatulio kinapovutwa, lakini gumegume lina safari: jiwe, cheche, kifa, tundu, mtutu. Safari hiyo ni ya sehemu ndogo sana ya sekunde, lakini inatosha mtu kufumba macho kwa kuogopa moto unaomwakia karibu na shavu, na akifumba, bega hushtuka na risasi hukosa njia. Akifika klabuni, aombe kufanya mazoezi kwa bunduki tupu, jiwe likiwa limeondolewa na kipande cha mti kigumu kuwekwa mahali pake ili bamba la chuma lisichakae. Mwenzake asimame nyuma, amtazame macho na ncha ya mtutu. Mpigaji avute, kisha aendelee kulenga huku akihesabu moja kimoyomoyo. Mazoezi 20 ya namna hiyo yana faida kuliko risasi 20 za haraka, na hayana gharama.

Siku ya shindano, vile vichupa 13 vina kazi. Kanuni za kimataifa haziruhusu kumimina baruti mtutuni moja kwa moja kutoka kwenye pembe au chombo kikubwa, kwa sababu kaa lililobaki ndani ya mtutu likiigusa baruti inayoingia, moto utapanda hadi kwenye chombo kizima mkononi mwa mtu. Ndiyo maana kipimo cha kila risasi hutiwa katika kichupa chake mapema, mezani, mbali na mstari. Ikitokea ajali, huwaka kipimo kimoja. Vichupa vilivyobaki vifunikwe na viwe nyuma ya mpigaji.

Utaratibu wa kushindilia hauna nafasi ya ubunifu. Bamba la chuma liwe limefunguliwa na kifa kiwe kitupu. Mtutu uelekee juu na mbele, mbali na uso. Baruti itangulie, risasi na kiraka chake vifuate, mdeki uteremke kwa mikono miwili iliyolegea hadi alama iliyochorwa juu yake ilingane na mdomo wa mtutu. Alama hiyo ndiyo roho ya kazi. Isipofika mahali pake, risasi haijaikalia baruti, pana nafasi katikati, na nafasi hiyo huweza kuupasua mtutu. Baruti ya kifa hutiwa mwisho kabisa, mpigaji akiwa mstarini na mtutu ukielekea shabaha, nayo iwe kidogo tu, isizibe tundu. Wageni hujaza kifa wakidhani moto mwingi ndio uhakika. Kumbe kifa kilichojaa huungua taratibu kama utambi na kuchelewesha mlio. Nyundo ikivutwa nusu haihesabiwi kuwa kinga, hata katika bunduki ghali.

Itatokea jiwe likachonga cheche, kifa kikawaka, na mtutu ukakaa kimya. Mpigaji asigeuke kumtazama jamaa yake aliyemwalika. Abaki vile vile, mtutu kwenye shabaha, aite msimamizi, na angoje dakika nzima, kwa maana kaa dogo laweza kuwa linatambaa ndani ya tundu. Baada ya hapo ndipo tundu linapozibuliwa kwa waya na kifa kutiwa upya. Kama jiwe halikutoa cheche kabisa, mara nyingi makali yake yamepakaa masizi au ngozi imelegea. Kitambaa kikavu huyapangusa makali, wala si kidole gumba, kwa kuwa jiwe hilo hukata kama wembe. Wakati wa mvua kifa hunyonya unyevu hewani hata bila kuguswa na tone, kwa hiyo kifutwe na kutiwa baruti mpya kila mara.

Kuhusu saa, mgeni asihangaike. Dakika 30 kwa risasi 13 ni zaidi ya dakika mbili kwa kila moja, na tatu kati ya hizo hazitahesabiwa hata zikienda upogo. Wengi huharibu karatasi yao kwa kushindana na kasi ya jirani ambaye amefanya kazi hiyo miaka 20. Apige tano, aweke bunduki chini, anywe maji, atazame karatasi yake, aendelee. Asile kitu kabla hajanawa, kwa kuwa risasi za duara ni madini ya risasi, sumu inayoshika vidoleni.

Jioni ndipo sabuni ya Kikuubo inapotoka kapuni. Masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu wa hewa na kuila chuma usiku ule ule, lakini huyeyuka katika maji ya kawaida, jambo ambalo mafuta pekee hayawezi. Msimamizi akiisha kuthibitisha kwamba mtutu ni mtupu, maji ya moto yenye sabuni hupitishwa ndani kwa kitambaa kilichofungwa kwenye mdeki hadi kitambaa kitoke cheupe. Kisha huja maji matupu, kisha vitambaa vikavu, na mwisho mafuta mepesi ndani na nje, na katika viungo vya nyundo. Vichupa vifunguliwe vyote mbele ya msimamizi, na baruti iliyobaki irejeshwe ghalani kwa uzito na kuandikwa daftarini. Jiwe lililochakaa mgeni anaweza kubaki nalo. Forodhani halina shida, na nyumbani watoto watataka kuliona.